Nyigu wa Dirisha la Nyuma

Jina lake la nyumbani lilishasahaulika. Pale studio, na kwenye kumbi zote za harusi, watu walimwita Rudia, na alijitakia mwenyewe. Bwana harusi akimvisha bibi harusi pete huku kiwiko cha shangazi mtu kimeziba kamera, yeye hupaza sauti, "Rudieni!" na watu wazima na heshima zao huvuana pete wakavishana upya, wakitabasamu kama vile ndiyo kwanza. Keki ikikatwa vibaya, rudieni. Mama mzazi akilia upande usio na taa, naye arudie. Miaka mitano ya kazi hiyo, jamani, ulimi huzoea.

Miaka mitano iliyopangwa iwe mwezi mmoja. Mama yake alimpeleka kwa mjomba, mwenye studio, akajishikize kidogo mpaka apate kazi aliyoitaka, na aliyoitaka alikuwa akiitaja tangu utotoni: kupiga filamu za wanyamapori. Ningependa kuwaambia mjomba alikuwa katili, hadithi iwe rahisi, lakini mjomba alikuwa mwema kupita kiasi. Alimpa ufunguo wa studio. Alimnunulia kiti cha magurudumu, kisha feni, kisha mto wa kuegemea mgongo. Kila Rudia alipogusia habari ya kuondoka, kiliongezeka kitu. "Hapa ni kwako, mpwa wangu," mjomba angesema. "Mimi nikifumba macho, nani ataishika hii?" Utamjibu nini mtu kama huyo? Rudia alirudi kwenye kiti akaendelea kukata na kuunga harusi za watu.

Chumba alichofanyia kazi kilikuwa stoo zamani. Kilikuwa na dirisha moja la nondo, lililotazama ukuta wa jirani ulio karibu hata ungeweza kuugusa, na katikati bomba la maji lililovuja mwaka mzima. Nyufa za ukuta ule Rudia alizijua zote.

Kisha likaja tangazo: mafunzo ya miezi sita ya upigaji filamu za wanyamapori, wanaoanza wanakaribishwa. Tuma filamu ya dakika tano ya kiumbe mmoja, kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Usimguse, usimpangie, usimwigizishe. Mnyama gani sasa? Jumamosi na Jumapili ni harusi, siku nyingine ni stoo. Rudia aliinua macho, na pale kwenye fremu ya dirisha akamwona nyigu ametua na donge la tope alilolichota chini ya bomba.

Wiki mbili alimpiga picha. Nyigu alijenga kijumba cha udongo, akajaza buibui, akataga yai juu yao, akaziba. Kijumba cha pili vilevile, na cha tatu. Buibui hakuwaua, aliwadunga tu wasiweze kutembea. Siku moja Rudia aliikuza picha akaona mguu wa buibui ukitikisika mle ndani. Mzima, amewekwa vizuri, hana pa kwenda. Rudia alisukuma kiti nyuma akaenda kunywa maji.

Kilichobaki kilikuwa kipande kimoja tu, kile cha kuziba. Mara tatu kilimponyoka. Kijumba cha nne kilikaa mahali pazuri, mwanga wa saa nne unakipiga sawasawa, na Jumatano nyigu akaja na tope la kwanza la kuzibia.

"Rudia! Wateja wamefika!" mjomba aliita kutoka mbele. "Njoo na kamera, wanataka kuiona."

"Mjomba, dakika kumi tu."

"Mdudu si kazi, mwanangu. Kazi imekaa hapa kwenye kochi."

Akainuka. Akaifungua kamera kutoka kwenye stendi yake ya miguu mitatu, akaenda nayo. Aliporudi, kijumba kilikuwa kimezibwa na nyigu hayupo.

Alichofanya hapo, mpiga picha wa harusi tu ndiye angekifanya. Aliirudisha kamera mahali pake, akaiwasha, akachukua pini, akakwangua kizibo punje kwa punje mpaka tundu likawa wazi. "Haya," akamwambia nyigu ambaye hata hakuwepo, "rudia."

Nyigu alirudi mara moja tu. Alitembea juu ya tundu kama halioni, akaruka, akaenda zake moja kwa moja. Alasiri sisimizi walikuwa wamepanga foleni. Walitoa yai, wakatoa na buibui mmoja mmoja, na Rudia alikaa akiwatazama, pini ingali mkononi, anaona aibu ambayo hajawahi kuiona mbele ya mtu.

Mjomba alimkuta analia. Alivuta kiti, akatazama picha zote, mpaka ile ya pini.

"Unalia nini sasa? Hii irudishe nyuma."

Kwa mkono wake mwenyewe mzee akaikata pini nje ya picha, akaigeuza icheze kinyumenyume. Punje za udongo zikapanda zenyewe, zikakusanyika, tundu likazibika. Kabla ya hapo akapachika picha ya nyigu wa siku nyingine, kichwa kimeinama kwenye tundu. "Unamkumbuka yule bibi harusi aliyevimba kidole?" akauliza, anacheka. "Tulimpiga anavua, tukaonyesha anavaa. Mama mkwe alilia." Alifanya kwa mapenzi, na Rudia alimwachia. Alhamisi filamu ikaenda.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Amepata nafasi. Waliandika kwamba hawajawahi kuona kizibo kikipigwa picha kwa ukaribu ule, na siku ya kwanza aje na kipande chote, hakijakatwa, wenzake wajifunzie hapo.

Mjomba aliutangaza ushindi duka kwa duka, mpaka kwa fundi viatu. Rudia chakula kilimshinda. Zamani akijiona amefungiwa, angalau angeweza kumlaumu mjomba. Safari hii udongo aliupaka mwenyewe.

"Kipande kizima?" mjomba alisema alipoambiwa. "Nipe siku mbili, tunakitengeneza."

Na angeweza, hilo ndilo lililomtisha. Leo kipande hiki, kesho kingine, na kila mnyama atakayempiga maishani atakuwa na mkono wa mjomba nyuma yake. Jioni hiyo aliandika: Kipande hakipo. Nilikuwa nimekikosa, nikatoboa kijumba kwa pini ili nyigu arudie, hakurudia, na mtoto wake akaliwa. Akatuma kabla hajajionea huruma.

Walimjibu mistari miwili. Nafasi amepewa mwingine. Anaweza kuomba tena mwakani.

"Si kitu," mjomba alisema, na kwa kweli alisikitika. "Kiti chako kipo." Kesho yake alileta zulia dogo la kuwekea miguu.

Rudia aliweka miguu juu yake siku sita. Ya saba, Jumanne, saa nne na robo, kijumba cha kwanza kilipata doa la unyevu. Doa likawa tundu la sindano. Ndani yake kitu kilikuwa kinatafuna. Aliwasha kamera, akashusha pumzi.

"Rudia! Wateja wamefika!"

Miguu yake ilinyooka yenyewe, kwa mazoea. Akashika mikono ya kiti, akajikalisha.

"Rudia! Wanataka kuiona kamera!"

"Niko kazini, Mjomba."

Alijua anamuumiza, na ilimuuma naye, lakini hakugeuka. Kisha akamsikia mjomba kule mbele akisogeza viti na kuwaambia wateja, kwa sauti ya chini, kwamba kamera leo imetoka.

Tundu lilipanuka. Nyigu mchanga alitoa kichwa, akatoa mguu mmoja, akachoka, akatulia hapo nusu ndani nusu nje. Rudia hakumwambia kitu. Alikaa akamngoja.