Jogoo Aliyemeza Mtaa

Mkanda ulikuwa umeshikana. Hakuna namna nzuri ya kulisema jambo hilo. Filamu pekee aliyoichora babu yake Kobe, filamu ambayo ukoo mzima uliitafuta tangu mzee huyo afariki, ilipatikana juu ya dari ya shangazi yake mdogo ikiwa imegandamana kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa ndani ya maji. Ukiifungua kwa nguvu inakatika. Ukiiacha inaoza. Na mikanda ya enzi zile, kabla picha hazijaanza kusema, ikishaanza kuoza haina subira na mtu: leo inanuka soksi, kesho inatoa utomvu, keshokutwa ni unga.

Kufufua mikanda ndiyo ilikuwa kazi ya Kobe katika hifadhi ya filamu, kwa hiyo hakuwa na mwingine wa kumlilia. Jina la Kobe walimpa kazini kwa sababu ya mwendo wake, nalo likamfuata mpaka nyumbani. Hata chai aliinywa kana kwamba anaisoma. Lakini mikono yake ilikuwa haijawahi kuchana picha, na katika kazi ile hiyo ndiyo sifa.

Mkanda ule ulikuja ndani ya sufuria yenye mfuniko, umebebwa na shangazi zake wawili, dada za marehemu baba yake. Wote walikuwa wamepita miaka themanini, na kila mmoja alishika sikio moja la sufuria kwa sababu hakuna aliyemwamini mwenzake.

"Kobe, mwanangu," akasema Shangazi Mkubwa, bado anahema kwa ngazi, "ifungue kabla hatujafa. Huyu anaweza kufa akiwa mwongo, amezoea. Mimi sitaki kufa bila ushahidi."

"Njia ya mwongo ni fupi," akajibu mdogo wake. "Yangu naitembea tangu utotoni na sijaona mwisho wake. Jiulize."

Ugomvi wao ulikuwa huo huo tangu walipokuwa wasichana wadogo. Baba yao alikuwa akitundika shuka ukutani sebuleni, anaweka mashine yake ya kuzungusha kwa mkono, na kuwaonyesha katuni aliyoichora mwenyewe ujanani. Mdogo wao wa kiume, baba yake Kobe, alikuwa hajazaliwa bado. Shangazi Mkubwa alisema katuni inakwenda hivi: jogoo anatoka kwenye yai, anameza ndoo, kiti, baiskeli, duka la kinyozi pamoja na kinyozi wake, kikosi cha wapiga tarumbeta, nyumba moja baada ya nyingine, anavimba mpaka anajaa shuka nzima, giza, basi. Mdogo wake alisema sivyo hata kidogo. Jogoo ni mkubwa tangu mwanzo. Anavitoa vyote mdomoni, kimoja kimoja, nyumba, tarumbeta, kinyozi, baiskeli, anapungua, anapungua, mwisho anakuwa kifaranga, anaingia kwenye yai lake na yai linafunga.

Ukoo ulikaa, ukaamua kwamba mkubwa hakosei. Mdogo wakampachika jina la Chumvi, kwa kuwa kila hadithi anaitia chumvi, na jina likamganda mpaka wajukuu zake walimwita Bibi Chumvi wakidhani ndilo alilopewa na wazazi.

"Nitaifungua," Kobe akawaambia. "Lakini msinihimize."

"Nani atakuhimiza wewe?" akasema Shangazi Mkubwa. "Hata leba ya mama yako ilikuwa ya siku mbili."

Kobe aliuweka mkanda ndani ya sanduku la kioo lililozibwa, chini yake vitambaa vyenye maji na dawa ya kulainisha, ili mvuke uingie taratibu kati ya tabaka na tabaka. Kisha akangoja. Kila asubuhi alifungua, akajaribu ukingo kwa kijiti cha mfupa kilichochongwa bapa, akafunga tena. Mwenzake wa chumbani, fundi wa kamera, mama mnene aliyeitwa Cherehani kwa sababu mdomo wake ulishona mchana kutwa bila uzi kukatika, alikuwa akimtazama na kutikisa kichwa.

"Kaka, huyo jogoo akitoka atakuwa bibi wa watu."

"Akitoka mzima, hata awe bibi harusi."

Siku mzunguko wa kwanza ulipoachia, ulitoa mlio mdogo kama mtu anayebandua midomo iliyokauka. Cherehani alinyamaza, na hilo peke yake lilikuwa la kushangilia. Tangu hapo walikwenda sawasawa: Kobe anabandua, anaosha, anaziba matundu ya pembeni yaliyochanika, Cherehani anapiga kila picha kwa kamera na kuing'arisha kwenye kompyuta, maana kwa macho matupu mkanda ulikuwa umefifia kama chai ya mgonjwa. Walianzia nje wakielekea ndani. Mwanzo wa filamu hukaa nje ya mviringo. Kila mtu wa kazi ile anajua hivyo kama anavyojua mkono anaolia.

Kwanza likaja giza. Halafu, katika giza, ukafunguka mdomo wa jogoo, na nyumba ikatoka.

Cherehani aliangua kicheko akashika meza. "Anaitoa! Kobe, anaitoa nyumba! Mpigie simu Bi Chumvi!"

"Tungoje mwisho," akasema Kobe, lakini naye alikuwa anacheka.

Hawakuwahi kufurahi hivyo kazini. Wapiga tarumbeta walitoka mdomoni kisogo mbele. Moshi ulishuka kutoka angani ukaingia kwenye bomba la jiko. Maji yaliyomwagika njiani yalijikusanya yakaruka ndani ya ndoo. Hakukuwa na maneno popote, picha tu. "Babu alikuwa na vituko," Kobe alisema kila mara, na Cherehani akajibu, "Katuni hiyo. Humo hata mimi naweza kuwa mwembamba." Mwisho kabisa jogoo akarudi yaini, na ukaja mkono wa mtu, mkono wa kweli, umepigwa picha, umeshika kalamu ya wino. Ncha ya kalamu ilipita juu ya mstari wa yai na mstari ukatoweka nyuma yake, karatasi ikabaki nyeupe. Kobe aliusimamisha mkono ule kwenye kioo cha kompyuta. Hakuwahi kumwona babu yake hata siku moja. Kidole gumba kilikuwa kifupi na kipana, kama chake.

Jumapili aliwaonyesha shangazi zake, sebuleni kwa Shangazi Mkubwa. Nyumba ya kwanza ilipotoka mdomoni, Bi Chumvi alisimama bila fimbo.

"Nilisema! Nilisema mimi! Nani mwongo sasa? Niitie watoto! Niitie majirani! Na wale waliokufa, Kobe, hakuna namna ya kuwapigia?"

Alicheka mpaka machozi, akaanza upya. Shangazi Mkubwa alikaa ameshika magoti yake. Alikuwa mtu wa haki, na haki ilikuwa imemkalia kooni. Mwishowe akasema polepole:

"Moshi gani huu unaoingia kwenye bomba?"

"Ni katuni, shangazi," akasema Kobe.

"Baba alikuwa fundi wa majiko kabla ya kuchora. Asingechora moshi namna hiyo."

"Mwache," akasema Bi Chumvi. "Aliyeshindwa hakosi la kusema."

Kobe alirudi kazini na moshi ule kichwani. Aliicheza tena ile sehemu ya mkono, picha moja moja. Pembeni ya karatasi, juu ya meza, palikuwa na doa la wino. Hakuwa amelitilia maanani. Doa likatetemeka, likajikunja, likaruka juu likaingia kwenye ncha ya kalamu.

"Cherehani. Njoo uone."

Cherehani aliinama, akatazama mara mbili, na uso wake ukabadilika. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema, "sembuse wino."

Hapo hapakuwa na katuni. Ule ulikuwa wino wa dukani, uliodondoka kwa bahati mbaya kutoka kwenye kalamu ya mtu aliye hai. Kitu cha kuchorwa kinaweza kuruka kipendavyo. Tone la kweli linakwenda upande mmoja tu. Walikuwa wameifufua filamu kuanzia mkiani. Mzee hakuurudisha mkanda baada ya kuuonyesha mara ya mwisho. Aliuacha kama ulivyoishia, mwisho ukiwa nje, na mafundi wawili wenye miaka mingi kazini wakauamini mviringo badala ya kuamini moshi.

Wakaugeuza. Yai likachorwa, jogoo akatoka, akameza ndoo. Ilikuwa nzuri zaidi, ilikuwa ndiyo yenyewe, na Kobe alitamani ardhi ipasuke.

"Unaweza kunyamaza," akasema Cherehani. "Nani atajua?"

"Mimi."

"Basi nenda. Lakini usiende na mwendo wako huo, utafika amekwisha kutangaza mpaka redioni."

Aliwakuta shangazi zake wamekaa barazani, Bi Chumvi akimsimulia jirani kwa mara ya tatu. Kobe alingoja jirani aondoke, akasema moja kwa moja, kwa kuwa hakujua njia nyingine. Mkanda ulisomwa kinyume. Jogoo anameza.

Shangazi Mkubwa hakushangilia. Alimtazama mdogo wake, ambaye alikuwa ameanza kukunja shali yake vizuri, pindo juu ya pindo.

"Haya," akasema Bi Chumvi. "Nimekuwa mkweli kuanzia Jumapili mpaka Jumatano. Si haba."

"Shangazi," akasema Kobe, "mimi kuna kitu kinanisumbua. Kabla sijaufungua mkanda, wewe ulitaja nyumba, tarumbeta, kinyozi, baiskeli, kiti, ndoo. Umevitaja hivyo maisha yako yote. Ndivyo vinavyofuatana, hasa, ukienda kinyume. Hukukosea hata kimoja. Mtu anatunga uongo, halafu uongo wake unafuatana na picha ambazo hajaziona?"

"Mimi niliziona."

"Najua uliziona. Nataka kujua ulikuwa unafanya nini."

"Nilikuwa nalia," akasema Bi Chumvi, kama mtu anayejibu swali la kijinga. "Siku zote nililia. Jogoo alikuwa akinitisha. Nafunika uso wangu tangu mwanzo, nalia tu, mpaka baba aseme, 'Nyamaza mama, tazama sasa.' Ndipo natazama."

Kobe akamgeukia Shangazi Mkubwa. "Na wewe ulikuwa wapi, babu aliposema hivyo?"

"Nje," akasema Shangazi Mkubwa. "Giza likiingia tu mimi nimekwisha toka mbio, nakwenda kuwatambia watoto wa mtaani kwamba kwetu kuna jogoo." Kisha akakumbuka. "Mashine ile. Ilikuwa lazima aurudishe mkanda, kwa ajili ya mara nyingine. Alikuwa anauzungusha kinyume kwa mkono."

"Na taa akaiacha inawaka," akasema Kobe.

"Kwa sababu yako," Shangazi Mkubwa akamwambia mdogo wake. "Mzee yule! Kwa sababu ya kelele zako wewe!"

Bi Chumvi aliwatazama wote wawili. Halafu kicheko kikaanza, chini kabisa tumboni, kikapanda mpaka shali ikaanguka. "Kwa hiyo mimi nilikuwa na filamu yangu! Nyie wote mna moja, mimi ninayo yangu mwenyewe!"

"Ndiyo, ringa sasa," akasema dada yake, lakini alikuwa amemshika mkono, na naye mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko.

Waliionyesha katika ukumbi wa hifadhi, ukoo mzima ukiwa umefika, hata wale wasioalikana harusi. Kobe alimwachia Cherehani aiendeshe kama babu alivyoichora, na kwa mwendo ule wa mkono, si wa haraka. Watu walicheka tangu ndoo. Jogoo alimeza nyumba ya mwisho, akajaa, giza likaingia, na katika giza lile kitukuu mmoja wa mbele akaangua kilio.

"Rudisha!" ikaja sauti ya Bi Chumvi kutoka nyuma. "Cherehani! Rudisha, mtoto analia!"

Cherehani akairudisha. Mdomo ukafunguka, nyumba ikatoka, na ukumbi mzima ukapiga yowe la furaha ambalo Kobe alilisikia mpaka kwenye meno. Shangazi Mkubwa alikuwa amesimama, anavitaja kwa sauti kabla havijatoka, tarumbeta, kinyozi, baiskeli, na mdogo wake anamsahihisha.

Gharama ya hayo yote ilikuwa hii. Pima mbili za mkanda zilikuwa unga mikononi mwa Kobe, hazikuokoka; kwa hiyo mpiga tarumbeta wa mwisho anaingia mdomoni mara moja, bila kuonekana alikotoka. Kifua cha Kobe kilikohoa ile dawa kwa mwezi mzima, na mkewe alimvulisha nguo nje ya mlango kila jioni. Cherehani alibadilisha miwani. Dari ya Bi Chumvi ilibaki wazi msimu wote wa mvua, kwa sababu aliwakataza mafundi wasiiguse mpaka kila pembe ipekuliwe. Na kuna mume wake. Alipougua, miaka mingi kabla mkanda haujapatikana, Bi Chumvi alituma habari kwa ukoo kwamba hali ni mbaya, waje upesi. Ukoo ulisema, huyo ni Chumvi, ondoa nusu. Walifika siku ya tatu, wakaonyeshwa kaburi.