Kibao cha Uongo

Mtu anayekuja kujitolea bustanini na suruali iliyopigwa pasi, huyo namwogopa. Dawid Beukes alikuja hivyo Jumamosi ya kwanza ya Aprili, akasimama langoni na kuuliza hata salamu hazijapoa: "Shangazi, yale maua mekundu, yenye majani ya kujisokota, mwaka huu mnayapanda wapi?"

Yalikuwa matatu, mekundu yetu. Mwaka juzi wezi wa maua, ambao huku kwetu Namakwa ni wengi kuliko nzige, waling'oa mawili. La tatu nililihamisha mwenyewe na sikumwambia mtu. Likiibwa na hilo, bustani ya mji haitaliona tena.

"Tunapanda tunapopanda," nikamjibu. "Shika jembe."

Kazi aliijua, siwezi kumnyima haki yake. Sisi tulikuwa tunafukia matunguu ya maua kama tunazika panya, kumbe yeye alilikalisha kila moja kwa vidole, ncha juu, akaupapasa udongo. Hapo ndipo nilipozidi kuingiwa na wasiwasi. Dereva wa lori kama yeye kajifunza wapi hayo?

Rafiki yangu Katriena alinicheka. "Sanna wewe! Hata kivuli chako utakidai kitambulisho."

"Cheka tu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

Nikatega mtego. Nilichukua kibao chenye jina la ua lile, nikakichomeka kando ya mwamba, mahali pasipokuwa na kitu ila mchanga. Jumamosi iliyofuata Dawid alitangulia kufika. Nilipokwenda mwambani nikakuta pamefukuliwa na kufukiwa tena, alama za vidole ziko wazi.

Nilimwita mbele ya wote. "Ulikuwa unatafuta nini pale?"

"Sijachukua kitu, Shangazi."

"Utachukua nini na hapakuwa na kitu!"

"Najua," akasema polepole.

Nikamvua glavu za bustani, nikamwonyesha lango. Hakuna aliyemtetea. Siku hiyo nilikula chakula changu kwa raha zote.

Mvua zikaja Mei, zikaja Juni. Agosti, mji mzima ulipojaa rangi, nilikwenda kukiondoa kile kibao. Kando yake palikuwa na majani yaliyojisokota, na katikati yake ua jekundu. Nikakimbilia kwenye siri yangu nyuma ya tangi la maji. Nalo lipo, limechanua. Nikakaa chini kwenye kokoto.

Katriena akanifuata. "Eh! Kumbe na pale mwambani ulipanda?"

Kinywa cha Katriena nakijua. Nikisema kweli, kwamba lile kapanda Dawid na haliwezi kuwa ila moja ya yale yaliyoibwa, kabla ya jua kuzama ataitwa mwizi kila duka.

"Ndiyo," nikasema. "Nilipanda mimi."

Mchana nilichukua zile glavu, nikaenda kubisha kwake. Alifungua mlango, akaziona, asinikaribishe wala asinifukuze. Nyuma yake, dirishani, palikuwa na kopo la kahawa lenye majani mawili membamba yaliyojisokota. Akaona ninapotazama.

"Wale wezi, mimi niliwaendeshea gari tu, Shangazi," akasema. "Waliniachia yale matunguu mawili kama ujira. Moja nikalirudisha pale penye kibao. Hilo lilikuwa linaumwa, nikaona lipone kwanza."

Nilitaka kumzaba kibao. Badala yake nikamtupia glavu kifuani.

"Jumamosi, saa mbili," nikasema. "Na hilo kopo ulibebe wazi, nilione tangu langoni."