Mikono ya Achiel

Bua la kitani lilivunjika mara mbili mkononi mwa baba, na bado hakusema kitu.

Wanaume kumi walisimama ukingoni mwa mto Leie, viatu vya mbao miguuni, wakingoja neno lake. Makasha ya Bwana Vansteenkiste, mwenye kitani, yalikuwa majini siku ya sita, yamekandamizwa kwa mawe, mabua ndani yakioza taratibu ili nyuzi za kufumia nguo ziachane na mti wake. Mji wetu wa Kortrijk wote ulinuka, hadi kanisani, na hakuna aliyeziba pua. Harufu ile ndiyo iliyotulisha.

“Achiel, unapima au unasali?” Odiel, mmoja wao, alimtania baba.

“Nasali Mungu akupe akili.”

Wakacheka. Kisha baba akasema, “Kesho.”

Nilikuwa na miaka kumi na minne, shule nimeiacha miaka miwili nyuma. Asubuhi ile mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya shati. Miaka thelathini ya maji ilikuwa imeviua vidole vyake. Kikombe cha kahawa kilimbabua bila yeye kujua. Tuliojua ni mama na mimi tu. Kazi yake ilikuwa kupima kwa vidole kama kitani kimeiva, na mpimaji asiyehisi hana kazi.

Niliokota bua alilolitupa. Nyuzi zikavulika kutoka juu hadi chini, kama soksi: kitani kilikuwa tayari. Wiki nzima kulikuwa na joto la kabla ya mvua ya radi, na maji vuguvugu huozesha upesi. Baba alikuwa amehesabu siku tu, kama kawaida yake tangu vidole vife. Kufika kesho kitani kingekuwa uji, na Bwana Vansteenkiste, aliyesimama pale pale na kofia mkononi, asingemwita tena.

“Baba,” nikasema kwa sauti, “si jana uliniambia ni leo? Ukasema utanijaribu mbele ya watu, uone kama nilisikia.”

“Haya tena!” Odiel akasema. “Kifaranga anamfundisha kuku kupekua.”

Baba alinitazama. Akalitazama bua mkononi mwangu, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

“Amesikia,” akasema. “Toeni makasha.”

Kesho yake, kwenye makasha mengine, alinipa bua kabla hajalivunja.

Imekuwa hivyo miaka minane. Mimi navunja, yeye ananitazama usoni, kisha anatamka. Wanunuzi husema mikono ya Achiel haijakosea hata mara moja.

Baba huwasikiliza, mikono mifukoni.