Barua ya Watu Ishirini na Watatu

Siku iliyoharibu kila kitu ilikuwa Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, siku ya pili baada ya shule kufunguliwa. Saa mbili na nusu asubuhi Mwalimu Agripina alikuwa ameshakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya utumishi, bahasha ya kaki mapajani, na tangu aamke saa kumi alfajiri hakuwa amesema neno hata moja. Ofisi yenyewe haina haja ya kutajwa. Wenyewe wanajijua.

Hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa anaitunza sauti. Nyumbani Kirushya alikunywa maji ya moto na tangawizi, akajifunga kitenge shingoni. Ndani ya gari mama mmoja mwenye mikungu ya ndizi alimsalimia mara mbili, akajibiwa kwa kichwa, akageukia dirishani akisema walimu wana majivuno hata wakiwa wamefulia.

Miaka minne iliyopita alikatwa rovu, ule uvimbe wa shingoni. Rovu likaondoka, na sauti ikaondoka nalo. Wakati huo alikuwa anafundisha Nyarubungo, upande wa Biharamulo. Aliporudi darasani akawa akifungua mdomo unatoka upepo tu, dawati la pili hawamsikii. Madaktari watatu wakakaa, wakaandika kwamba hawezi tena kazi. Akastaafishwa kwa ugonjwa akiwa na miaka arobaini na tisa, akarudi kwao Kirushya kupalilia maharage.

Lakini sauti ilirudi. Ilianza kama mkwaruzo, ikawa sauti ya mtu mwenye mafua, mpaka siku moja zamu ya kuongoza rozari ya jumuiya ilipomwangukia, nyumbani kwa mwanajumuiya mwenzake, Leonsia. Akaongoza matendo yote matano, na waliokosa nafasi ndani wakaitikia kutoka uani. Leonsia alilia kabisa. Mwezi wa saba mwaka jana Agripina akapanda shule ya pale kilimani kuomba kujitolea. Mwalimu mkuu, Gaudence, alikuwa na walimu saba kwa watoto zaidi ya mia saba, hakuwa na muda wa kuuliza mengi. Akampa hesabu za darasa la sita, ambao mwaka huu ndio wako la saba, watoto tisini na mmoja.

Sasa alitaka kurudishwa kazini kwa barua, aingie darasani kwa haki yake. Majina ya wanaoomba kurudishwa yalikuwa yanapelekwa juu Ijumaa. Anayekosa Ijumaa hiyo anaambiwa asubiri, na wakubwa wakisema subiri hawasemi mpaka lini.

Kwenye bahasha kulikuwa na cheti cha daktari wa koo kinachosema amepona. Na kulikuwa na barua ya jumuiya. Hii hakuiomba. Mwenyekiti wao, Mzee Yohanes, ndiye aliyesema daktari mmoja hatoshi mbele ya madaktari watatu, inabidi aongezewe mashahidi. Wakaiandika baada ya sala, kila mmoja akichangia sentensi yake. Watu ishirini na watatu wakasaini, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba, mtendaji wa kijiji akagonga muhuri. Agripina aliisoma mara moja tu, macho yamejaa machozi, akaikunja.

Saa tatu, Francisca, katibu muhtasi, alisema bosi yuko kwenye kikao. Saa tano bado kikao. Saa sita bosi akapita koridoni na simu sikioni, anacheka, akaingia ndani, mlango ukafungwa. Kila kitasa kilipolia Agripina alisimama, kisha akakaa. Koo lilikuwa linakauka. Akaweka kiganja mdomoni na kujaribu herufi moja taratibu, kama mtu anayepima betri ya tochi.

"Mama, mbona unanijibu kwa kichwa kama mbuzi?" Francisca akasema. "Sema shida yako."

"Nataka kurudi kazini, mwanangu." Sauti ilitoka safi. Akashusha pumzi.

Saa saba na nusu akaitwa. Idefonsi, afisa mwenyewe, alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Hakusema shikamoo, alimwonyesha kiti kwa kalamu. Akafungua jalada, akasoma kwa muda mrefu.

"Bodi iliandika ulemavu wa kudumu," alisema. "Kudumu, mama, ni kudumu. Mimi nikiandika umepona, nimeandika kwamba madaktari watatu walikosea. Nani atasaini hapo?"

"Si mimi huyu ninayeongea na wewe, bwana afisa?"

"Nakusikia. Lakini masikio yangu siyo kielelezo."

Kisha akaikunjua barua ya jumuiya. Akaanza kutabasamu, akamwita Francisca aje asikie, akaisoma kwa sauti ya padre: anaongoza matendo matano bila kukatika. Alisema tangu aajiriwe hajawahi kuletewa rozari iwe ushahidi wa utumishi. Francisca hakucheka. Alitazama sakafu.

Halafu Idefonsi akarudi nyuma mstari mmoja. Ilikuwa sentensi ya Leonsia, mwenye mtoto darasa hilo: na tangu mwezi wa saba anafundisha watoto wetu hesabu, tunamsikia mpaka barabarani.

"Unafundisha?"

"Najitolea."

"Kwa barua ya nani?"

Barua ya kumruhusu haikuwepo. Idefonsi akamweleza kwamba mtu aliyestaafishwa kwa ugonjwa akianguka darasani ni yeye afisa atakayeulizwa, na hakusomea vyuo vyote vile aje kuponzwa na watu wa rozari. Hakuuliza watoto ni wangapi. Hakuuliza kabla ya mwezi wa saba walikuwa wanafundishwa na nani. Akapiga simu kwa Gaudence, akaweka spika, na chumba kizima kikamsikia mwalimu mkuu akisema ndiyo mkuu, ndiyo mkuu, nimeelewa mkuu.

Agripina akasimama. Alitaka kusema kwamba Gaudence hana kosa, aliyeomba ni yeye. Mdomo ukafunguka, ukatoka upepo. Akajaribu tena, ukatoka mkwaruzo. Idefonsi akakata simu na kuiweka mezani polepole.

"Unaona sasa, mama?"

Alisema kwa huruma, na huruma hiyo iliuma kuliko ile dhihaka. Akaandika maneno mawili matatu, akalifunga jalada.

Nje Francisca alimletea glasi ya maji. Kabla hajaimaliza sauti ilikuwa imesharudi. Alisema asante, na ikasikika mpaka mwisho wa korido. Lakini wakati huo hapakuwa na mtu anayeandika.

Jumatano asubuhi akapanda kilima kama kawaida, chaki zake kwenye mkoba. Gaudence alikuwa anamsubiri mlangoni pa ofisi, ndevu hajanyoa.

"Shikamoo, mwalimu," Gaudence akasema.

"Marahaba."

Alimwambia ameletewa ujumbe kwamba asimruhusu darasani hata kusimamia usafi. Aliongea akitazama bendera. "Dada, nina watoto wanne na mama mgonjwa. Wakinitoa hapa naenda wapi?"

Agripina hakumlaumu. Upande wa pili wa uwanja darasa la saba lilikuwa linapiga kelele kama mnadani, na mtu alikuwa anagonga dawati kwa mdundo.

Gaudence akasema, kwa aibu, kwamba kuanzia leo Agripina ni mgeni, na utaratibu unataka kila mgeni asaini kitabu. Wakaingia ofisini, akakisogeza mezani. Agripina akajaza tarehe, jina, na mahali anapotoka. Penye cheo akaandika Mwalimu. Kwenye safu ya mwisho, ya maoni, aliandika kwa muda mrefu, maneno yakavuka mstari wake na kuingia wa chini. Akasaini. Alipoondoka alipita mbele ya madirisha ya darasa la saba, na kelele zikakatika ghafla.

Tangu siku hiyo wageni watatu wenye vyeo wameshafika na magari yao. Wa kwanza aliandika, "Nimefika, nimejionea." Wa pili akaandika, "Mazingira ni safi, hongereni." Wa tatu akaandika, "Shule iongeze juhudi kwenye ufaulu wa hesabu." Wote wamesaini chini ya Agripina, kwenye ukurasa uleule, na lazima walimsoma:

"Darasa la saba lina watoto tisini na mmoja. Mimi mmenikataza. Nani anawafundisha hesabu?"