Mwanga Usiopiga Kelele

Feni katika duka la kinyozi ng'ambo ya barabara ilizunguka kivivu, ikasita, ikasimama. Mama Ngurumo aliiona kupitia dirisha la chumba cha mashine, na kabla akili haijatamka neno, miguu ilikuwa imeshamfikisha kwenye jenereta. Umeme umekatika. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye kitufe cha kuwashia, wa kulia umeshika kile chuma kirefu cha swichi kubwa ya ukutani. Upande wa pili wa ukuta huo, kwenye chumba cha upasuaji, binti yake alikuwa amelala mezani, tumbo wazi.

Ndipo akainua macho. Taa iliyokuwa juu ya kichwa chake ilikuwa inawaka.

Haikupepesa. Haikufifia. Iliwaka tu, kama vile haijapata habari.

Jina la Ngurumo hakupewa na wazazi wake, alipewa na wagonjwa. Alianza hospitalini hapo kama mfagiaji, na mwendesha mashine wa zamani, mzee aliyependa usingizi kuliko mshahara, akaona heri amfundishe mtu wa kuamka badala yake. Mzee huyo alipostaafu, hakuna mwanamume aliyeitaka kazi ya kunuka dizeli kwa malipo yale, basi mashine ikabaki na mwanamke. Marehemu mumewe alizoea kulalamika kwamba ameoa pipa. Yeye hakujali. Umeme ukikatika, madaktari na visomo vyao vyote walisimama gizani wakimsubiri yeye. Wakunga walikuwa na desturi yao: giza likiingia, kila mmoja aliweka kiganja juu ya mgonjwa aliye karibu na kusema, "Tupo." Tupo, tupo, kitanda hadi kitanda, mpaka mashine ikohoe na mwanga urudi. Mama Ngurumo aliyasikia hayo kwa kusimuliwa tu, maana giza lilipoingia yeye alikuwa anakimbia.

Halafu likaja jua. Jua lilikuwapo siku zote, ni kweli, lakini hili lilikuja na mhasibu wa hospitali.

"Mama yangu, mafuta hayanunuliki tena," mhasibu alimwambia siku alipokwenda ofisini kuulizia dizeli. "Serikali imeondoa ruzuku. Tulikuwa tunalipa bei ya kubembelezwa, sasa tumeonyeshwa bei yenyewe. Kila pipa unalochoma mle ndani ni kabati zima la dawa."

"Na hizo paneli zenu za jua zinaokotwa?"

"Zimefutiwa ushuru. Tena benki imetukopesha kwa riba nafuu, kwa sababu ni umeme wa jua. Ukiiomba mkopo wa dizeli inakufungia dirisha."

"Makubwa! Siku hizi hata jua linakopeshwa. Kesho mtatukopesha mvua."

Mhasibu alicheka, akafunga kalamu yake. Alikuwa kijana wa watu, asiye na makuu, na hilo lilizidi kumuudhi Mama Ngurumo, kwa kuwa alikuja tayari kwa ugomvi.

"Sikiliza, mwanangu. Huo moshi unaoutukana ndio uliokuzaa. Mama yako alikuwa wodini humuhumu, umeme ukakatika. Nani alikimbia?"

"Ni wewe, mama."

"Basi uheshimu moshi."

Alitoka pale ameshinda mabishano na kukosa mafuta.

Paneli zikapandishwa juu ya paa, zikajipanga nyeusi na kimya. Makabati ya betri yakaletwa kwenye chumba chake, yakawekwa pembeni ya jenereta, meupe, masafi, hayana hata tone la grisi. Aliyatazama kama mtu aliyeletewa mke mwenza. Fundi wa sola alikuwa msichana mwembamba mwenye adabu, na ndiye aliyemwonyesha kila kitu kwa subira, hata alipoulizwa jambo lilelile kwa ukali uleule.

"Umeme wa nguzo ukikatika, mama, betri zinapokea papo hapo. Wewe huna haja ya kukimbia. Ila nakuomba kitu kimoja. Chuma hiki cha swichi usikivute taa zikiwa zinawaka. Hakiwezi kutoka juu kwenda chini bila kupita katikati, na hapo katikati hakuna umeme wowote. Wa betri umeshauacha, wa jenereta hujaufikia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni giza. Nitakuja na swichi mpya, tatizo hilo litaisha. Kwa sasa tuvumiliane."

Akaenda kuifuata hiyo swichi, na alikuwa bado hajarudi. Tangu siku hiyo umeme wa nguzo ulikuwa haujakatika hata mara moja, kana kwamba umeona aibu. Na Mama Ngurumo, ambaye hakuwahi kuona betri ikifanya kazi ila kwenye tochi, alikuwa haamini hata chembe.

Leo asubuhi ndipo binti yake alipoletwa. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana na mtoto hataki kutoka, mume wake yuko safarini na lori. Daktari alimpima, akasema hakuna kusubiri tena, ni kisu. Walipokuwa wakimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, binti alimshika mama yake upindo wa nguo, kama alivyokuwa akifanya udogoni.

"Mama, usiwe mbali."

"Kati yangu na wewe ni ukuta tu, mwanangu. Nitakuwa na mashine yangu. Wewe lala, mengine niachie."

Sasa hayo mengine yalikuwa mikononi mwake. Miaka yote aliposhika chuma hiki alikuwa analeta mwanga. Leo akikivuta ataleta giza, nalo litamwangukia mwanawe na kisu cha daktari kikiwa ndani yake. Alikiachia kidole kimoja kimoja. Akajiambia kwa sauti, maana alikuwa peke yake, "Haya. Taa zinawaka. Acha."

Wingu likapita mbele ya jua. Uwanja nje ukawa wa kijivu, na kwenye kabati la betri kitaa cha kijani kikageuka cha njano. Fundi alikuwa amemweleza: njano maana yake jua halileti, betri zinakula akiba yake. Zitakula mpaka lini? Hilo pia alielezwa, na alilijua vizuri jana, lakini kwa hofu aliyokuwa nayo sasa asingeweza kulitaja hata jina la baba yake. Alichokiona ni kitaa cha njano, basi. Ghala tupu lina tofauti gani na ghala linaloliwa, kwa mtu ambaye mwanawe yuko mezani?

Akapata wazo. Swichi asiiguse, sawa. Lakini mashine aiwashe, iungurume pembeni, iwe tayari kwa lolote. Hilo hakukatazwa. Dizeli ya mwisho ilikuwamo ndani ya tangi, aliilinda kama mboni ya jicho. Aliweka kidole kwenye kitufe na mwili mzima ukapoa kwa nafuu, kwa sababu hiki ndicho alichokijua, hiki ndicho alichokuwa.

Kidole kikagandia hapohapo.

Maana alikumbuka manesi. Zamani kidogo jenereta iliamka kwa pupa, umeme wake ukaruka, ukaunguza mashine ya kufyonza damu. Tangu hapo ikawa mazoea: jenereta ikikohoa tu, nesi aliye karibu anachomoa plagi zote, anasubiri mlio utulie, ndipo anachomeka tena. Siku zote haikuwa na hasara, kwa kuwa plagi hizo zilikuwa hazina umeme hata hivyo. Lakini leo zilikuwa nao. Leo mashine ya oksijeni ilikuwa inampumulia binti yake, na nesi akisikia mngurumo ataruka na kuichomoa, mbio, kwa nia njema kabisa. Fundi aliwaeleza manesi kwamba mambo yamebadilika? Aliwaeleza, tena kwenye semina. Lakini mikono haihudhurii semina. Mama Ngurumo aliijua mikono ilivyo. Si hii yake hapa, ilikuwa kwenye kitufe kabla yeye mwenyewe hajajua?

Akauondoa mkono. Akaukunja kifuani, akaukandamiza na mwingine, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akashuka taratibu, akakaa sakafuni.

Hakuna alichoweza kumfanyia mwanawe isipokuwa kutofanya kitu. Hakuwahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Kukimbia gizani, kujigonga, kuungua mkono kwa bomba la moshi, hayo aliyaweza. Kukaa? Alilia kidogo, bila sauti, kwa hasira na kwa woga, akijifuta kwa upindo wa kitenge.

Na taa ikawa inawaka.

Aliitazama kwa sababu hakuwa na kingine cha kutazama. Nje kulikuwa na kiza cha mawingu, duka la kinyozi lilikuwa jeusi, barabara nzima ilikuwa imekatikiwa umeme, na hapa taa inawaka. Mwanga huu ulitoka wapi? Ulitoka juani asubuhi, wakati yeye anakunywa chai na kuwasema vibaya watu wa paneli. Ulishuka juu ya paa bila kupiga hodi, ukaingia kwenye makabati, ukakaa. Haukuletwa na lori. Haukupandishwa bei na mtu. Na sasa jua lenyewe limejifunika uso, lakini mwanga wake wa asubuhi bado uko mle ndani, unatoka kidogo kidogo, unapita kwenye ukuta huu anaouegemea, unamwangazia daktari. Nywele zilimsimama. Ilikuwa hofu, lakini si ile ya mwanzo. Ilikuwa hofu ya mtu aliyeingia mahali pakubwa bila kujua, akavua viatu.

"Ewe Mola," alinong'ona. "Yaani ulikuwapo siku zote."

Alisahau kufuta machozi. Kimya kilikuwa kimemzunguka, na katika kimya hicho mambo madogo madogo yakaanza kumfikia kupitia ukutani. Chuma kikiwekwa kwenye bakuli. Kandambili zikiburuzwa. Sauti ya daktari, ya chini, isiyo na haraka: "Nipe nyingine." Mtu akikohoa. Mtu akisema jambo, na mwingine, jamani, akicheka. Walikuwa wanacheka mle ndani! Hawakuwa na habari kwamba umeme umekatika. Hakuna aliyemwekea binti yake kiganja na kumwambia tupo, kwa kuwa hakuna aliyeona giza.

Aliegemeza sikio ukutani. Rangi ilikuwa baridi.

Kukapita kimya kirefu kidogo, cha kumtoa mtu roho. Kisha akasikia kitu kama mlango mkavu ukifunguliwa, kikakatika, kikaja tena kwa nguvu zote, kikali, kibichi, chenye hasira na dunia nzima.

Mama Ngurumo alizidi kulikandamiza sikio ukutani. Hakuwa na hesabu ya watoto waliozaliwa upande wa pili wa ukuta huu huku yeye akilinda mwanga wao. Wengine walikuwa wameshaoa. Wengine walimsalimia njiani, na mmoja alimnyima dizeli. Hakuwahi kukisikia kilio cha kuzaliwa cha hata mmoja wao. Mashine ilikuwa inanguruma.

Mlango ukasukumwa, mkunga akachungulia, aproni yake ina damu na uso wake unang'aa.

"Mama Ngurumo! Uko sakafuni? Inuka, bibi! Mama mzima, mtoto mzima, msichana, sauti kama yako. Na umeme leo haujatusumbua hata kidogo, Mungu mkubwa. Njoo umwone!"

Mama Ngurumo alimwinulia kiganja kumnyamazisha. Sikio lake lilikuwa bado ukutani.

"Nakuja," alisema. "Niache kwanza. Bado analia."