Waziri Aliyekosa Kura Moja

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mwanasheria aliyesomea nje, na akifungua mdomo tu ni habari za huko. Kuna nchi mawaziri lazima watoke bungeni. Kuna nyingine rais anamchagua amtakaye, akishamtaja basi, kesho yuko ofisini. Hapa kwetu waziri haruhusiwi kuwa mbunge, na haapishwi mpaka bunge limpigie kura.

Rais alipomteua dada kuwa waziri wa afya, shemeji alimshikia bango ajiuzulu ubunge siku hiyohiyo.

"Si asubiri wampitishe kwanza?" nikauliza.

"Shemeji, mambo ya katiba niachie mimi. Akisitasita, rais atamwona hana imani naye."

Dada akajiuzulu. Kiti alichokihangaikia mpaka viatu vikaisha soli, akakiacha kwa sababu mumewe kasema.

Siku ya kura tulikaa roshani ya wageni, shemeji ananukia manukato kama bwana harusi. Dada alikuwa chini, kwenye benchi la wateule karibu na mlango. Chama chetu kilikuwa kinawazidi wapinzani kwa mtu mmoja, nchi nzima ilijua. Spika akasema wanaomkubali wasimame. Wetu wakasimama wote. Makarani wakaanza kupita kati ya viti wakihesabu.

"Shemeji," nikanong'ona, "huyo mmoja tuliyewazidi, si ni dada mwenyewe?"

Alianza kuhesabu vichwa kwa kidole, midomo ikimcheza, akafika mwisho akaanza upya. Nilitamani kumzaba kofi mbele za watu.

Wapinzani nao wakasimama, wakahesabiwa. Spika akapokea matokeo, akakohoa.

"Kura zimelingana. Kwa kanuni zetu, zikilingana hoja imeanguka. Mteule hakuthibitishwa."

Upande wa pili wakagonga meza kwa shangwe. Nilishuka ngazi mbiombio, shemeji akabaki juu, hathubutu. Dada alinidaka mkono koridoni, macho mekundu.

"Nani kanisaliti? Nitajie! Nani kati ya wetu hakusimama?"

Moyo uliniuma, lakini angeambiwa na nani mwingine?

"Walisimama wote, dada. Aliyekosekana ni wewe."