Gari Jeupe na Gari la Kijivu

Kaka alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mdogo wake kinyozi, na kila mmoja alikuwa na gari dogo kuukuu aliloamini halina mfano. La kaka lilikuwa jeupe, injini lita mbili. Mlima lilipanda kama linateremka, ila mafuta lilibugia bila aibu. La mdogo lilikuwa la kijivu, lita moja na nusu, zito kuondoka, lakini viti laini na springi nzima. Kila Jumamosi waliyaosha uani kwa wazazi wao, wakibishana hadi povu likaukie kwenye bodi.

Baba yao, dalali wa mnada aliyestaafu, alikaa kizingitini akiwachochea. "Haya, nani anaongeza?" aliuliza, kwa ile sauti iliyowasomesha wote wawili.

Jumamosi moja kikombe kilimponyoka. Mdomo ukaenda upande. Mama akatoka jikoni, akamtazama mara moja tu.

"Mpelekeni hospitali. Sasa hivi."

Wakambeba hadi kwenye gari jeupe. Kaka alikwisha kuwasha injini mdogo aliposema, "Hili litamrusharusha. Springi zimekufa, unajua mwenyewe."

"Na lako litafika lini? Kile kilima cha hospitali kinalishinda hata likiwa tupu."

"Viti vyangu vinalala. Mgonjwa analazwa."

"Mgonjwa anawahishwa."

Wakamshusha. Wakamwingiza nusu mwili kwenye la kijivu, kaka kashika mabega, hataki kuachia.

"Lolote, wanangu," mzee alisema kwa ulimi mzito. "Lolote tu."

Mama hakungoja. Alitoka barabarani akasimamisha pikapu ya muuza maji, iliyochakaa kuliko magari yote mawili, na mumewe akapelekwa katikati ya madumu matupu, kichwa mapajani mwake. Wanawe walifuata nyuma, kila mmoja na lake.

Mzee alipona, ila kauli haikurudi. Daktari alieleza kwamba kiharusi hakisubiri, kila dakika inaondoka na kitu. Hakujua anawaambia akina nani.

Uani kukawa kimya. Magari yakaoshwa bila maneno, Jumamosi nyingine hayakuguswa. Mwishowe kaka alimfuata mama yao.

"Tusamehe, mama. Tulifanya ujinga."

"Mimi sina neno," alisema, akiendelea kukunja nguo. "Mwendeeni yeye."

Walipiga magoti kando ya kitanda. Mdogo ndiye aliyesema. Mzee aliwasikiliza hadi mwisho, akafungua mdomo, ukatoka mguno. Akaupapasa mkono wa mdogo, kisha akaelekeza kidole mezani, kwenye glasi ya maji. Kaka akamnywesha, akamfuta kidevu.

"Umetusamehe, baba?" akauliza taratibu.

Mzee alikuwa amekwisha kupitiwa na usingizi.